Uzito wa shingo ya tela ni nini?

Anayetaka kuvuta tela kwa gari dogo huuliza kwanza: gari langu linavuta kilo ngapi? Jibu limo kwenye kitabu cha gari. Lakini gari linaweza kuwa na nguvu za kutosha na bado likapinduliwa na tela, kisa ni jinsi mzigo ulivyopangwa.

Shingo ni chuma cha mbele cha tela, kile kinachokalia tufe la chuma nyuma ya gari. Uzito wa shingo ni kilo zinazoligandamiza tufe hilo tela likiwa limepakiwa na limesimama mahali tambarare. Ukipanga mzigo mbele ya ekseli, yaani chuma kinachobeba magurudumu ya tela, uzito huo huongezeka. Ukiurundika nyuma, hupungua, na ukizidisha, shingo huinuka na kunyanyua matako ya gari.

Hapo ndipo hatari ilipo. Tela lenye shingo nyepesi huanza kuyumba kushoto na kulia likipigwa na upepo wa lori linalopita. Kwa mwendo mdogo kuyumba huko hufa kwenyewe; mwendo ukizidi, kila myumbo huwa mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka tela ndilo linaloliendesha gari. Mteremkoni mambo huharibika upesi zaidi.

Marekani hupendekezwa uzito wa shingo uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela pamoja na mzigo wake. Uingereza, 5 hadi 7. Kwa tela la kilo 1,000, ni kilo 100 hadi 150 kwa hesabu ya kwanza, 50 hadi 70 kwa ya pili. Tofauti hiyo isikubabaishe. Magari mengi madogo ya Ulaya yana kikomo cha kilo 75 au 100 hivi, na matela huko huvutwa polepole: Ujerumani, kwa kawaida, mwisho ni kilomita 80 kwa saa. Usivuke kikomo cha gari lako, hata kama asilimia inakuruhusu.

Maana shingo nzito mno nayo ina balaa lake. Gari huchuchumaa nyuma, matairi ya mbele yanapungukiwa na mshiko, usukani unakuwa mwepesi, na taa zinawamulika wanaokuja machoni. Tena kilo hizo ni sehemu ya mzigo wa gari lenyewe, kwa hiyo zijumlishe na abiria na vilivyomo kwenye buti. Wengi husahau hili.

Kupima si kazi: zuia magurudumu ya tela, kisha egemeza shingo juu ya mizani ya kupimia mwili kwa kipande cha mti, katika kimo kilekile cha tufe.

Tela likianza kuyumba njiani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, uache mwendo upungue wenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu. Ushauri wa kuongeza mwendo ili tela linyooke usiusikilize, hata akikupa dereva mzoefu. Likitulia, simama pembeni penye usalama, usogeze mzigo mbele.