Picha ya saini: jina na nakshi katika ukanda mwembamba

Picha ya saini ni ukanda mwembamba unaokaa chini ya barua pepe au ujumbe wa mtu, ukibeba jina lake pamoja na pambo linalomtambulisha. Hapa Unguja kazi hii huniletea watembeza wageni, washonaji, wenye maduka ya viungo na walimu, na wengi wao huja na ombi linalofanana: katika ukanda huo mmoja vionekane kwa pamoja jahazi, mnazi, mlango wa nakshi, kishada cha karafuu na jua linalotua. Ninawaelewa, kwa sababu vitu hivyo ni vyao na wana haki ya kujivunia. Hata hivyo, ukanda wa pikseli 600 kwa 150 ukionekana kwenye kioo cha simu, kimo chake hakizidi upana wa kidole gumba, na kitu chochote kinachohitaji kutazamwa kwa utulivu hugeuka kuwa doa. Kwa hiyo ninashikilia kwamba ukanda mmoja unatosha pambo moja, jina moja na mwanga wa upande mmoja, na kwamba kila uamuzi upimwe katika ukubwa ule ule ambao mpokeaji atauona, si katika ukubwa tunaoukuza kwenye kompyuta tunapofanya kazi.

Pambo ndilo la kuanza nalo. Mlango wa Mji Mkongwe ukibanwa wote katika kimo cha pikseli 150, mchongo hupotea na hubaki mstatili wa rangi ya kahawia. Kinachofaa ni kuchukua kipande kimoja chenye umbo la ukanda tangu asili yake, na visiwa vyetu vimejaaliwa vipande vya namna hiyo. Pindo la kanga ni ukanda. Ukili unaosukwa kwa miyaa iliyotiwa rangi, kabla haujashonwa kuwa mkeka, ni ukanda. Mfaa wa mlango, ule ubao uliosimama katikati ya mbao mbili, nao ni ukanda uliochongwa toka juu hadi chini, na kwa maoni yangu hakuna pambo linalokubali kazi hii kwa uzuri kuliko huo.

Mfaa, hata hivyo, umesimama, na picha ya saini imelala. Hapo ndipo mwanga unapohitaji kufikiriwa kabla kamera haijatolewa mfukoni. Mchongo huonekana kwa sababu ya vivuli vyake, na jicho la mtu limezoea mwanga unaotoka juu, kwa hiyo likiona kivuli kimekaa chini ya ua lililochongwa huliona ua limeinuka. Kivuli kikikaa juu, ua lile lile huonekana limezama ndani ya ubao. Ukipiga picha mfaa wakati mwanga unatoka kushoto kwake, kisha ukaizungusha picha nyuzi 90 kuelekea kulia, upande wa kushoto ndio unaokuwa juu, na nakshi zote zinabaki zimeinuka kama zilivyo. Ukiizungusha kinyume chake, mwanga utaonekana unatoka chini na mchongo wote utageuka mashimo. Saa sita mchana si wakati mwema kwa kazi hii, kwani jua letu huwa karibu na utosi na mwanga hukwaruza ukuta kutoka juu. Asubuhi au alasiri, jua linapoingia mshazari katika uchochoro, ndipo nakshi zinapojitokeza. Simama mbele ya mlango sawasawa, kamera ikiwa katika kimo cha sehemu unayoitaka, ili mistari isiinamiane.

Jambo moja la adabu nalisema hapa kwa uzito. Vizingiti vya juu vya milango mingi vimechongwa maandishi ya Kiarabu, na baadhi yake ni aya za Qur'ani. Aya hizo sizikati vipande ili kujaza nafasi, wala siziweki kuwa urembo chini ya tangazo la bei. Vivyo hivyo, uso wa mtu usiwekwe katika saini ya mwingine bila ya ridhaa yake, hata kama picha ilipigwa njiani.

Programu ninayoitumia na kuifundisha ni GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Haina malipo, na kijana wa Wete au Mkoani anaweza kuiweka kwenye kompyuta ya zamani akaanza kazi siku hiyo hiyo. Mwenye Photoshop atayakuta karibu mambo yote ninayoyaeleza katika menyu zake. Fungua turubai ya pikseli 1200 kwa 300, yaani mara mbili ya vipimo vya mwisho, ili upate nafasi ya kufanya kazi ndogo ndogo kabla ya kuipunguza mwishoni.

Kila kitu kiwe na leya yake, yaani tabaka lake la picha linaloweza kuguswa peke yake: rangi ya chini, pambo, kivuli, jina, mpaka. Usifute sehemu ya pambo kwa kifutio, kwani ulichokifuta kimekwenda. Tumia maski, ambayo ni picha ya kijivu iliyofungwa kwenye leya: palipopakwa nyeusi panafichika, palipopakwa nyeupe panaonekana, na kijivu huacha sehemu ipenye nusu nusu. Ukimwaga katika maski rangi inayobadilika taratibu kutoka nyeupe kwenda nyeusi, nakshi itayeyuka polepole na kuacha uwanja mtulivu wa kukaa jina. Mteja akibadili mawazo, unapaka nyeupe na kila kitu kinarudi.

Kwa mapambo ya kanga kuna njia bora zaidi kuliko kukata kwa mkasi wa programu, nayo ni hali ya kuchanganya leya ambayo menyu huiita Multiply. Programu huchukua thamani ya pikseli ya juu, ikaizidisha na ya chini, kisha ikagawanya kwa 255, kwa kuwa kila rangi hupimwa kuanzia 0 hadi 255. Chukua pindo lililochapwa rangi nyeusi juu ya kitambaa cheupe. Palipo nyeupe pana 255, na 255 mara 100 gawanya kwa 255 ni 100 ile ile, kwa hiyo rangi ya chini haiguswi hata kidogo. Palipo nyeusi pana 0, na jibu ni 0. Palipo kijivu cha 200 juu ya 100 hupatikana 78, yaani kivuli chepesi. Matokeo yake ni kwamba kitambaa cheupe hutoweka chenyewe na korosho la pindo hubaki limekaa juu ya rangi yako pamoja na kingo zake laini, bila ya ule mzingo mweupe unaowasumbua wanaokata kwa mkono. Sharti ni kwamba nyeupe iwe nyeupe kweli. Kanga iliyopigwa picha uani huwa na weupe wa 220 au 230, nao utaacha utando, basi kwanza ivute nyeupe hadi 255 kwa chombo cha kurekebisha viwango vya mwanga.

Sasa jina. Hili ndilo lililoiita picha, na ndilo linaloonewa zaidi. Fonti za mwandiko wenye mikia mirefu hupendeza zikiwa kubwa, lakini zikishushwa hadi kimo cha pikseli 30 mistari yake myembamba hukatika. Ninapendelea fonti yenye unene wa wastani, jina liwe kubwa na kazi ya mtu iwe ndogo chini yake, na basi. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, inayohusu kurasa za mtandao kusomeka na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, inataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na kinachokaa nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Rangi ya dhahabu juu ya mbao za kahawia, ambayo ndiyo huombwa kila mara, kwa kawaida haifiki hapo. Fanya mbao ziwe nyeusi zaidi nyuma ya jina, au acha dhahabu ibaki kwenye mpaka na jina liandikwe kwa rangi ya maziwa.

Wengi hapa hutaka jina liandikwe pia kwa herufi za Kiarabu, na ombi hilo ni la heshima na linastahili kazi safi. GIMP huunganisha herufi na kuzipanga kutoka kulia bila ya kuambiwa. Katika matoleo ya zamani ya Photoshop ilikuwa lazima kwanza mipangilio ya maandishi iwekwe katika hali inayotambua lugha za Mashariki ya Kati, la sivyo herufi ziliweza kuachana, kila moja ikasimama peke yake, na neno likasomeka kinyumenyume. Usiongeze kamwe nafasi kati ya herufi hizo kama tufanyavyo kwa herufi kubwa za Kilatini, maana viungo vyake vitakatika. Kabla ya kutoa kazi, mwombe anayesoma vizuri alisome jina lile, kwani nukta moja ikihama jina limekuwa la mtu mwingine.

Mpaka wa pikseli mbili unatosha. Ukishapunguza picha hadi 600 kwa 150 utakuwa wa pikseli moja, mkali na safi, ilimradi uwe umeuanzia kwenye pikseli yenye namba shufwa. Ukiuanzia kwenye witiri, mstari utagawanyika kati ya pikseli mbili na kuwa utepe wa kijivu. Kunoa picha, yaani kuzikoleza kingo zake, kufanyike baada ya kuipunguza, kwa kiasi kidogo sana. Palipo na maandishi usinoe kabisa.

Katika kuhifadhi, wengi huharibu kazi nzuri. Aina ya faili iitwayo JPEG huihifadhi rangi kando na mwangaza, na katika mpangilio unaotumiwa na programu nyingi kila pikseli hupata mwangaza wake, lakini rangi huhifadhiwa mara moja tu kwa kila pikseli nne. Picha ya bahari haidhuriki kwa hilo. Maandishi mekundu juu ya nyeusi, ambayo ni rangi za kanga zipendwazo sana, hutapakaa na kuwa na ukungu kingoni. Kwa hiyo saini yenye jina na rangi chache ihifadhiwe kwa aina ya PNG, isiyopoteza kitu na inayoruhusu sehemu zipenye nusu. GIF ina rangi 256 tu, na pikseli yake ama inaonekana ama haionekani, hivyo kingo za herufi huwa na meno. Faili la XCF, ambalo ni la GIMP yenyewe na lenye leya zote, nalo litunzwe, kwa sababu watu hubadilisha kazi na namba za simu. Ukimpelekea mteja kwa WhatsApp, itume kama hati, kwani ikitumwa kama picha itabanwa upya.

Jina jeusi lisiachwe juu ya sehemu inayopenya, isiyo na rangi chini yake, maana mpokeaji mwenye simu iliyowekwa rangi za giza hataliona. Na chini ya picha, jina na namba ya simu viandikwe tena kwa maandishi ya kawaida, kwa kuwa baadhi ya programu za barua pepe huzuia picha mpaka mpokeaji aziruhusu, na asiyeona husomewa na simu yake maandishi peke yake.