Ujazo wa pazia: maana yake, na jinsi unavyoamua sura ya chumba

Ujazo wa pazia ni uwiano kati ya upana wa kitambaa kikiwa kimetandazwa na upana wa fimbo kitakapotundikwa. Fimbo ikiwa ya mita 2 na kitambaa kina mita 4, ujazo ni mara mbili. Fundi huenda asilitaje neno hilo, atakuuliza tu: "Unataka marinda mengi au ya kiasi?" Kwangu swali hilo lina uzito kuliko la rangi, na ningependa kila anayekwenda kununua mapazia awe na jibu lake kabla hajashika kitambaa.

Hili nililijua sebuleni kwetu. Tulipata kitambaa kizuri, kizito, cha rangi ya kahawa. Kwa kuwa bei yake ilikuwa kubwa, tulinunua upana wa dirisha na nyongeza kidogo. Mchana, mapazia yakiwa yamesogezwa pembeni, yalipendeza sana. Usiku tulipoyafunga marinda yote yaliisha, kitambaa kikakaza kama shuka lililoanikwa kambani, na katikati ukabaki mwanya ambao mpita njia angeweza kuona hadi mezani. Kitambaa hakikuwa na kosa, kilichopungua ni ujazo. Pazia kazi yake ya kwanza ni sitara, na lisiposetiri likifungwa, uzuri wake wa mchana hausaidii.

Pazia zito la kawaida hukaa vizuri kwenye ujazo wa mara 2, na ukitaka lionekane la fahari, mara 2.5. Mapazia ya ringi, yaani yenye matundu ya duara juu ambamo fimbo hupenya, huridhika na 1.5 hadi 2, kwa kuwa ringi hukikunja kitambaa kwa mawimbi makubwa yaliyolingana. Hakikisha ringi za kila pazia zinagawanyika kwa mbili, ili ncha zote mbili zigeukie ukutani. Zikiwa 7 au 9, ncha moja itachomoza kuelekea chumbani na hakuna namna ya kuituliza. Lile pazia jepesi la ndani, linaloonyesha mwanga, ndilo linalodai kitambaa kingi zaidi: mara 2.5 hata 3, maana wepesi wake hauonekani kama mawingu mpaka lirundikane.

Hapa ndipo mtindo wa nyumba unapoingia. Sebule yenye makochi ya chini, kuta tupu na vitu vichache hupendeza kwa ujazo mdogo, kitambaa kisicho na maua, na pazia linaloshuka wima mpaka sakafuni. Sebule ya makochi yaliyonakshiwa, kabati la vyombo na zulia zito hutaka marinda yaliyobanwa juu kwa mshono, bitana nyuma, na mikanda ya kufungia pembeni. Ukilipeleka la pili kwenye chumba cha kwanza, pazia litakimeza chumba. Ukilipeleka la kwanza kwenye chumba cha pili, litaonekana kama halijamalizwa kushonwa. Na kama makochi tayari yana maua makubwa, pazia liwe la rangi moja, iliyochukuliwa kutoka kwenye mojawapo ya maua hayo.

Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zina hesabu yake. Kuta ni nene, dirisha limezama ndani, na mara nyingi lina milango ya mbao inayofanya kazi yote ya kuzuia jua na macho ya watu. Lamu pazia lilikuwa na heshima yake ndani ya nyumba, likining'inia kati ya msana na msana, yaani vyumba virefu vyembamba vinavyofuatana, ili kuleta sitara. Kuifunika mbao iliyochongwa kwa mikono kwa kitambaa kizito cha kung'aa naona ni kuinyima haki yake. Pamba nyepesi inatosha, na mahali pengine hapahitajiki kitu.

Nyumba zetu za sasa za vioo vya aluminiamu hazina kinga hiyo, kwa hiyo jua linahesabika. Dirisha la magharibi hupigwa na jua la saa kumi likiwa chini, linaingia mpaka kwenye kochi na kupausha kitambaa. Hapo bitana si anasa. Lakini ukiweka pazia zito upande unaoleta upepo, chumba cha Tanga au Mombasa hakitakalika. Upande huo acha jepesi peke yake mchana.

Tuchukue dirisha la mita 1.5. Fimbo ipite dirisha kwa sentimita 25 kila upande, ili mapazia yakifunguliwa yakae ukutani na yasizibe kioo: jumla mita 2. Kwa ujazo wa mara 2 unahitaji mita 4. Kitambaa chenye upana wa sentimita 280 hulazwa ubavu, upana huo ukawa kimo cha pazia, unanunua mita 4 na hakuna kiungo. Cha upana wa sentimita 140 kitahitaji vipande 3 vya urefu wa dirisha hadi sakafuni, pamoja na pindo, na vikiwa na maua ongeza urefu ili maua yakutane kwenye mshono. Duka hili na lile huenda bei kwa mita zikafanana huku jumla zikitofautiana sana, kwa sababu ya upana wa kitambaa tu.

Pamba ifuliwe kabla ya kukatwa, maana hurudi, yaani hupungua ikilowa. Na pindo la chini fundi alipige bandi tu kwanza. Litundike pazia siku mbili tatu lijivute kwa uzito wake, kisha pima tena kutoka sakafuni, acha nafasi ya sentimita 1, ndipo apige mshono wa mwisho.