Kilo saba za leo hazitoshi: maswali kuhusu ukuaji wa mtoto

Binti yangu na wa jirani hapa Korogocho, Nairobi, wote wana miezi sita na kilo 7. Mbona ni mimi niliyeambiwa nirudi kliniki mapema?

Angalia walikotoka, mama. Tuseme wa jirani alizaliwa na kilo 2.5, wako 3.7. Wa jirani amepanda haraka. Wako amepunguza mwendo. Mizani ya leo haioni tofauti hiyo, kijitabu cha kliniki kinaiona. Tafadhali usikipoteze.

Watafiti wanaofuata watoto walewale kwa miaka hukokotoaje?

Hapa ndipo wengi hukosea. Vipimo kumi vya mtoto mmoja si sawa na vipimo vya watoto kumi, kwa kuwa vinafanana kama ndugu. Ukivihesabu kana kwamba havijuani, utakuwa na uhakika usiostahili. Kwa hiyo kila mtoto hupewa mstari wake, yaani alipoanzia na kasi yake, na mistari yote ikakadiriwa kwa pamoja na wastani wa kundi. Aliyepimwa mara mbili tu hatupwi: mstari wake huvutwa kidogo kuelekea wa wenzake. Aliyepimwa mara nyingi, vipimo vyake vyenyewe ndivyo vinavyosema. Wanatakwimu Laird na Ware waliieleza modeli hii, yaani njia hii ya kukokotoa, mwaka 1982, na naiona ya haki kwa mtoto, maana haimmezi ndani ya wastani.

Mstari wenyewe haunyooki. Mwaka wa kwanza mtoto hurefuka takriban sentimita 25, wa pili kama 12, kwa hiyo huchorwa kwa vipande vilivyoungwa vikapinda taratibu.

Nikihama, kuna kinachoharibika kwenye utafiti?

Ndiyo. APHRC, taasisi ya utafiti wa afya na idadi ya watu, ilianza kufuatilia kaya za Korogocho na Viwandani mwaka 2002, na mitaa kama hiyo watu huhama sana. Wanaoondoka wakiwa ndio wenye watoto waliodumaa, wastani wa waliobaki utapendeza kuliko hali halisi. Modeli huvumilia pengo ambalo vipimo vya awali vinaweza kulieleza. Sababu iliyofichika haiwezi kuijua. Ukihama, waachie watafiti namba ya simu.

Mwanangu mwingine alipofika miaka miwili urefu wake ulipungua. Anaumwa?

Huenda ni namna ya kupima tu. Kabla ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala, baadaye akiwa amesimama, na kusimama hupunguza takriban sentimita 0.7. Mwombe mhudumu aandike kando ya namba: alilala au alisimama.