Unatoka Kisumu unaenda kwenye theluji? Maswali kuhusu baridi na afya

Swali: Naenda Calgary huko Kanada mwezi wa kwanza, naskia inaweza shuka hadi minus 20. Koti moja nzito si inatosha?

Jibu: Haitoshi, vaa tabaka tatu. Ya kugusa ngozi isiwe pamba juu pamba ikilowa jasho inakaa na maji na hapo ndio baridi inakushika, tafuta sufu ama poliesta, katikati sweta nzito, juu jaketi ya kuzuia upepo. Sweta za sufu unaweza pata kwa mitumba pale Kibuye, soma lebo tu. Na usijaze soksi mbili mbili hadi kiatu kibane, damu haifiki vidoleni.

Swali: Nitajuaje ngozi imeanza kuganda?

Jibu: Hii naomba muishike sana, juu watu wengi wanangoja ngozi iwe nyekundu vile waliona kwa picha. Kwa ngozi yetu nyeusi inapauka ama inakuwa ya kijivu, ukigusa ni ngumu na imekufa ganzi. Angalia pua, masikio, vidole. Ingia ndani, toa pete, loweka kwa maji ya vuguvugu nyuzi 37 hadi 39, na mwenzako ndiye apime hayo maji kwa kiwiko maana kidole chenye ganzi kitaungua bila wewe kuskia. Usisugue, usiote heta. Ganzi isipoisha ama malengelenge yakitoka, hospitali.

Swali: Kijana wangu ana selimundu (sickle cell, ule ugonjwa wa seli za damu kupinda) na shangazi yake amemwalika huko. Nimkataze?

Jibu: Mama, si lazima umkataze, lakini usimpeleke hivi hivi. Huku kwetu kando ya ziwa familia nyingi zinaijua selimundu na baridi ni moja ya vitu vinaamsha maumivu yake, mishipa inabana, damu inapita polepole, zile seli zilizopinda zinakwama na maumivu yanaanza ghafla. Ongea na kliniki yake mapema wampe barua na dawa za kutosha, zikae kwa mkoba wa mkononi si kwa sanduku. Anywe maji hata kama haskii kiu. Acheze theluji kidogo, arudi ndani, soksi zikilowa zibadilishwe hapo hapo. Kifua kikiuma, akishindwa kupumua ama homa ifike 38, msingoje asubuhi.

Swali: Pombe kidogo ya kupasha mwili?

Jibu: Hapana. Inafungua mishipa ya ngozi, unaskia moto kumbe joto la ndani linatoka. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 ni hatari, mtu anatetemeka, anaongea kama mlevi, na akiacha kutetemeka na bado ni baridi piga simu ya ambulensi mara moja.

Swali: Na jiko la makaa kwa nyumba?

Jibu: Kamwe! Madirisha yakiwa yamefungwa, moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala.