Nani kawaambia kinga ikishuka hakuna kuchanjwa?

Hapa Malindi haipiti wiki sijaambiwa: "Sista, kinga yangu iko chini, hiyo sindano itaniletea ugonjwa." Leo ni mwenye VVU, kesho mama wa mtoto wa selimundu (sickle cell), keshokutwa anayetibiwa saratani. Ukiuliza nani kasema: jirani.

Jirani kashika nusu. Chanjo zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa zipo: BCG ya kifua kikuu, surua-rubela, homa ya manjano, matone ya polio. Hizo uulizie kwanza. Homa ya manjano hapewi mwenye VVU ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga kwenye damu, ziko chini ya 200. Aliyemeza prednisolone, dawa inayoshusha kinga, miligramu 20 au zaidi kila siku kwa wiki mbili na kuendelea, kwa chanjo hai husubiri mwezi baada ya kumaliza.

Lakini pepopunda, homa ya ini B, nimokoko (bakteria wa nimonia), HPV (virusi vya saratani ya mlango wa kizazi) na ile ya uti wa mgongo wanayodungwa mahujaji hazina chochote kilicho hai. Ugonjwa utatoka wapi? Kinachoniudhi ni kwamba wanaozikimbia ndio wanaozihitaji zaidi. Mtoto wa selimundu bandama yake haichuji damu ipasavyo. Nimokoko ikimwingia kwenye damu inaweza kummaliza kwa saa chache tu. Naye ndiye anayefichwa siku ya chanjo, "maskini, mdogo halafu mdhaifu".

Hata surua, pamoja na uhai wake, mtoto mwenye VVU hatumwachi hivi hivi. Kama hajadhoofika sana huchanjwa, tena huanza na dozi ya ziada akiwa na miezi 6, kabla ya zile za miezi 9 na 18.

Eti kwa wagonjwa chanjo haishiki? Hushika kwa uchache, ndiyo sababu wengine huongezewa dozi. ARV zinatosha? ARV huzuia VVU. Hazikukingi na pepopunda.

Na mwenye saratani akiwa nyumbani, watoto wa nyumba hiyo wachanjwe, tena mapema. Ila kuhusu matone ya polio mwambie muuguzi kwanza, maana virusi vyake hutoka na choo. Polio ya sindano ipo.

Anayekaribia kuanza dawa za kushusha kinga aje mapema: chanjo hai zinataka wiki nne kabla. Na mje na pakiti za dawa zenyewe. "Vidonge vyeupe vidogo" si jina la dawa.