Siumwi kitu, watafiti wananitafutia nini? Maswali na majibu kuhusu utafiti wa dawa kwa watu wenye afya njema

Likitoka tangazo la kutafuta watu wasioumwa wa kujitolea katika utafiti wa dawa au chanjo, wengine hukimbilia posho, wengine hukimbia kabisa. Kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kukaa mezani na washiriki, kusoma nao fomu ya ridhaa ukurasa kwa ukurasa. Haya ndiyo wanayoniuliza zaidi.

Dawa ni ya mgonjwa. Kwa nini ianzie kwangu mimi nisiyeumwa?

Chukua mgonjwa aliyelazwa. Ana homa, anatumia dawa nyingine tatu, na figo zake hazifanyi kazi sawasawa. Mpe dawa mpya, usiku atapike. Kilichomtapisha ni ugonjwa, ni zile dawa tatu, au ni hii mpya? Hakuna wa kujibu. Kwa mtu asiyeumwa na asiyetumia kitu kingine, jibu linapatikana haraka zaidi.

Ndiyo maana awamu ya kwanza ya majaribio ya dawa, ambayo kwa kawaida huchukua watu kati ya 20 na 100, haiulizi kama dawa inaponya. Inauliza dawa inaingia kwenye damu kwa kasi gani, inatoka lini, na ni kwa kipimo kipi inaanza kuleta shida. Kuponya hupimwa baadaye kwa wagonjwa, kwanza mamia, kisha maelfu.

Mambo mawili hayafuati mpangilio huo. Dawa nyingi za saratani ni kali mno kumpa mtu asiyeumwa, kwa hiyo huanzia kwa wagonjwa wenyewe. Chanjo ni kinyume chake: kwa kuwa nyingi hupewa watu ambao bado hawajaugua, zinajaribiwa kwa wasioumwa hadi awamu ya mwisho. Majaribio makubwa ya chanjo za UVIKO-19 ya mwaka 2020 yaliandikisha watu makumi ya maelfu.

Kwa hiyo wanaojitolea wanahitajika kwa dawa mpya tu?

Hapana, na hapa ndipo natamani watu wangejua zaidi. Zile dawa za bei nafuu zinazotengenezwa baada ya haki ya pekee ya mgunduzi wa dawa ya awali kuisha, nyingi zimepita kwenye damu ya watu wasioumwa kabla hazijafika kwenye rafu. Kikundi kidogo, mara nyingi watu kati ya 24 na 36, humeza dawa ya awali, husubiri siku kadhaa hadi imalizike mwilini, kisha humeza ile ya nafuu (wengine huanza na hii ya pili). Viwango vya dawa kwenye damu ya mtu yule yule hupimwa mara zote mbili na kulinganishwa. Ili dawa ikubaliwe, uwiano wa viwango hivyo, pamoja na nafasi ya makosa ya hesabu, lazima uangukie kati ya asilimia 80 na 125.

Au chukua karatasi ya majibu ya maabara, ile yenye safu inayoonyesha kiwango cha kawaida cha sukari au cha chembe za damu. Kawaida ya nani? Ya watu wasioumwa waliokubali kutoa damu. Mwongozo unaofuatwa na maabara nyingi unataka angalau watu 120 kwa kila kundi ili kuweka viwango hivyo.

Kuna pia tafiti za kuambukizwa kwa makusudi chini ya uangalizi. Mtu hukubali kuumwa na mbu wenye malaria, ugonjwa ambao dawa yake ipo, na hutibiwa mara vimelea vinapoonekana kwenye damu. Nchini Uingereza mwaka 2021 vijana 36 walitiwa puani matone yenye virusi vya korona kwa njia hiyo. Utafiti wa aina hii unahitaji uangalizi wa karibu wa madaktari.

Huko ndani kunakuwaje?

Kunachosha zaidi ya kunavyoogopesha. Kwanza unachujwa: damu, mkojo, shinikizo la damu, kipimo cha umeme wa moyo, maswali mengi. Wengi huishia hapo.

Ukipita, unalala kituoni na huli kitu kwa saa kama 10. Alfajiri muuguzi anakuwekea kanula kwenye mkono, ule mrija laini mwembamba unaobaki kwenye mshipa usichomwe kila mara. Unapewa kidonge na maji yaliyopimwa. Unameza. Kisha unaambiwa ufungue mdomo na uinue ulimi, na mtu anamulika kwa tochi, chini ya ulimi na pembeni mwa mashavu. Baadhi ya washiriki huona wamedharauliwa. Sivyo. Kidonge kimoja kilichotemwa kimya kimya kinatosha kupotosha hesabu za kundi zima.

Baada ya hapo saa ndiyo inayotawala. Damu inatolewa dakika ya 15, ya 30, saa 1, saa 2, saa 4, na kuendelea hadi kesho yake. Kila tyubu inaandikwa namba yako na dakika kamili, kwa sababu damu iliyochelewa hata kidogo haisemi kitu kile kile. Chakula kinakuja sawa kwa wote, na unatakiwa kukimaliza. Hakuna kahawa wala pombe, na mara nyingi balungi limekatazwa pia: maji yake huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa nyingi, dawa ikapanda kwenye damu kuliko ilivyokusudiwa.

Niambie ukweli, kuna hatari gani?

Mara nyingi ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, usingizi, mkono kuvimba pale ilipokaa kanula. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2015 katika jarida la kitabibu la BMJ yaliangalia majaribio ya awamu ya kwanza ya kampuni moja kubwa ya dawa, nje ya dawa za saratani. Kati ya washiriki 11,028, matukio mazito yalikuwa 34 na hakuna aliyefariki.

Lakini sitakuficha upande wa pili. Machi 2006, katika hospitali ya Northwick Park jijini London, wanaume 8 waliingia kwenye jaribio la dawa iliyoitwa TGN1412. Wawili walipewa dawa bandia ya kulinganishia, isiyo na dawa ndani, 6 walipewa dawa yenyewe, kwa kipimo ambacho kilikuwa sehemu 1 kati ya 500 ya kile ambacho nyani walikivumilia. Wote 6 waliishia wodi ya wagonjwa mahututi, kinga za miili yao zikishambulia viungo vyao wenyewe. Walinusurika wote, ila mmoja alipoteza vidole vya miguu na ncha za vidole vya mikono. Walikuwa wamepewa dawa kwa kupishana dakika chache tu. Wa kwanza alipoanza kulalamika, wenzake tayari walikuwa nayo mwilini.

Januari 2016, mjini Rennes, Ufaransa, mshiriki mmoja wa jaribio la dawa ya BIA 10-2474 alipelekwa hospitali jioni, na asubuhi yake wenzake wakapewa dozi iliyofuata. Yule wa kwanza alifariki, na wengine kadhaa walilazwa.

Kutokana na hayo taratibu zilikazwa. Siku hizi dawa inapoingia kwa binadamu kwa mara ya kwanza, hupewa mtu mmoja au wawili tu, wakaangaliwa, mara nyingi kwa siku nzima, ndipo wengine wafuate. Muulize mtafiti waziwazi: "Mimi ni wa ngapi kupewa? Kati yangu na aliyetangulia mnasubiri muda gani? Akiugua mmoja wetu, mnasimamisha?" Kituo kizuri kinajibu bila kusitasita. Kikikereka na swali hilo, nenda zako.

Mwili wangu utafaidika nini?

Hautafaidika kitu. Naisema hivyo hivyo mezani, maana wengi huja wakidhani ni uchunguzi wa bure wa afya. Vipimo vile vinatafuta kama unafaa kwa utafiti, havitafuti ugonjwa wako. Inatokea mtu akagundua shinikizo lake liko juu na akaelekezwa hospitali, lakini hilo ni la bahati.

Posho ni ya muda wako, nauli na usumbufu. Malipo yakitangazwa makubwa kupita kiasi kwa utafiti wenye hatari, kamati ya maadili, ile inayokagua utafiti kwa ajili ya kuwalinda washiriki, inatakiwa kuhoji. Mtu mwenye deni na mtoto wa kulisha huwa hasomi ukurasa wa madhara kwa utulivu, na simlaumu. Wa kulaumiwa ni aliyeweka chambo.

Nikisaini fomu ya ridhaa, nimejifunga?

Hujajifunga hata kidogo. Fomu hiyo inawafunga wao. Ina historia ndefu: mwaka 1900 nchini Kuba, daktari wa jeshi la Marekani Walter Reed aliwapa waliojitolea kwenye utafiti wa homa ya manjano hati ya makubaliano kwa Kihispania na Kiingereza, pamoja na dola 100 za dhahabu. Baada ya mateso yaliyofanywa na madaktari wa Kinazi kwa jina la sayansi, mahakama ya Nuremberg mwaka 1947 iliandika kanuni 10, na ya kwanza ni kwamba ridhaa ya hiari ya mhusika ni ya lazima kabisa. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kikatoa Azimio la Helsinki, ambalo limerekebishwa mara kadhaa, mara ya karibuni mwaka 2024.

Usisaini siku ile ile kama hujaelewa. Ichukue, nenda nayo nyumbani, mpe mtu unayemwamini aisome. Tafuta humo mambo haya: damu itatolewa kiasi gani kwa jumla, nani atagharamia matibabu ukidhurika, sampuli zitahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na namba ya kumpigia daktari saa nane za usiku. Kisha ueleze utafiti wote kwa maneno yako mwenyewe. Ukikwama mahali, hapo ndipo pa kuuliza tena.

Nikiwaficha kwamba natumia dawa fulani, kuna ubaya?

Upo, na wa kwanza kuumia ni wewe. Dawa za mitishamba, vidonge vya kupanga uzazi, dawa ya mafua uliyomeza juzi, utafiti mwingine ulioumaliza wiki iliyopita: vyote vinaweza kugongana na dawa mpya mwilini. Kati ya utafiti mmoja na mwingine huwekwa muda wa kupumzika, mara nyingi mwezi 1 hadi 3. Ufaransa na Uingereza zina daftari maalumu la kuzuia mtu kuhama kutoka kituo hadi kituo bila kupumzika. Pasipo na daftari kama hilo, ulinzi unabaki kwenye kauli yako.

Mbona mara nyingi wanataka wanaume?

Hofu ni mimba, na ni hofu ya haki: dawa isiyojulikana inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ila tahadhari hiyo ilizidi. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe kwenye majaribio ya mwanzo, ushauri uliofutwa mwaka 1993. Gharama yake ilionekana baadaye. Dawa ya usingizi ya zolpidemu ilitumika miaka mingi kwa kipimo kimoja kwa wote, hadi mwaka 2013 mamlaka hiyo hiyo ilipoagiza kipimo cha wanawake kipunguzwe kwa nusu, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu miili yao huitoa dawa hiyo polepole zaidi. Siku hizi wanawake wengi hukubaliwa kwa sharti la kupima mimba na kutumia njia ya uhakika ya uzazi wa mpango.

Nikitaka kutoka katikati?

Sema tu, "Nimeacha." Huhitaji kutoa sababu, na hakuna anayeruhusiwa kukunyima matibabu ya kawaida kwa ajili hiyo. Posho ya siku ulizokwisha kukaa unatakiwa kulipwa. Soma kwenye fomu imegawanywaje, kwa sababu malipo yanayotolewa mwishoni tu ni njia ya kukushikilia.

Daktari atakuomba ubaki kidogo apime damu na moyo kwa mara ya mwisho. Kwa hilo nakusihi ukubali, maana dawa bado imo mwilini hata kama moyo wako umeshaondoka. Muuguzi atatoa kanula, atakandamiza pamba kwa dakika chache, atakubandika plasta, na kukupa kadi ndogo yenye jina la utafiti na namba ya simu. Tembea nayo mfukoni. Ukiugua ghafla na kufikishwa hospitali nyingine, kadi hiyo ndiyo itakayomwambia daktari wa zamu umemeza nini.