Mafundi wa Ghorofa ya Kilomita 400

Kazi yangu ni pampu za maji. Ukikaa mitaa ya Umoja au Kayole hapa Nairobi utanielewa: mfereji unakauka siku tatu, maji yanarudi saa nane usiku, na pampu inakataa kuyapandisha kwenye tangi la paani. Hapo ndipo keateka, msimamizi wa jengo, anapoitafuta namba yangu.

Ni pampu pia iliyonifanya nianze kufuatilia habari za wanaanga. Juni 2024, Sunita Williams na Butch Wilmore walikuwa wanajiandaa kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kwa chombo kipya cha Starliner. Siku chache kabla ya safari, pampu ya mtambo wa kusafisha mkojo kule kituoni ikafa. Nyingine ya kuchukua nafasi yake ilikuwa huku chini, uzito wake kilo 70 hivi, na chomboni nafasi haikutosha. Basi masanduku mawili ya abiria, yenye nguo na vitu vya kuogea, yakateremshwa, pampu ikapakiwa. Walipofika wakavaa nguo za akiba zilizokuwa zimewekwa kituoni.

Niliposimulia kisa hiki kwa kinyozi, jamaa mmoja aliyekuwa anasubiri zamu akacheka. "Fundi, wale ni wanaanga. Hawashiki mabomba. Wanaelea tu na kupiga picha." Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyakusanya yale watu wanayosema kuhusu kazi za kule juu. Mengi si kweli. Mengine ni nusu kweli, na moja ni kweli tupu ingawa husemwa kwa kejeli.

"Huko juu hakuna mvutano wa dunia, ndiyo maana wanaelea"

Hii ndiyo mama yao zote. Kituo kiko kilomita 400 hivi kutoka ardhini. Kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni mbali kuliko hapo. Kwenye kimo hicho mvutano wa dunia ungalipo, karibu asilimia 90 ya huu unaokukalisha kwenye kiti chako. Kinachowafanya waelee ni kwamba kituo kizima kinaanguka, wao wakiwa ndani yake, ila kinakwenda pembeni kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa, kwa hiyo kila kinapoanguka dunia nayo inapinda chini yake. Hakifiki chini. Ukitaka kuonja jambo lenyewe, panda matatu yenye haraka, kaa kiti cha nyuma, isubiri irukie bampu bila kupunguza mwendo. Ile nukta ambayo makalio yanaachana na kiti, ndiyo hali wanayoishi nayo miezi sita.

"Vitu havina uzito, kwa hiyo kazi ni nyepesi"

Huyu hajawahi kufungua nati. Ninapolegeza nati ya pampu hapa Nairobi, uzito wa mwili wangu ndio unaonishikilia chini wakati spana inazunguka. Kule juu ukiikaza spana bila kujishikiza, nati inabaki palepale na wewe ndiye unayezunguka. Ndiyo maana kuta zina vyuma vya kuingizia miguu, na mwanaanga hutafuta kwanza pa kujitia nanga kabla ya kushika chombo. Nati ikikuponyoka haianguki sakafuni ukaiokota. Inaondoka polepole, na mara nyingi itapatikana baadaye imenasa kwenye wavu wa chujio la hewa, kwa sababu upepo wa feni ndio unaochukua kila kilichopotea. Mwanaanga Frank Rubio alipoteza nyanya aliyoivuna mle ndani, akataniwa kwamba ameila kwa siri, na nyanya ikaja kupatikana miezi baadaye, yeye ameshakwenda nyumbani.

Halafu kuna suala la tungamo. Kitu kisicholemea mkono bado ni kigumu kukisukuma, na ni kigumu zaidi kukisimamisha. Julai 31, 2010 pampu kubwa ya amonia, ile inayozungusha ubaridi nje ya kituo, ilizimika. (Amonia hutumika nje kwa sababu maji yangeganda mabombani.) Pampu hiyo ina kilo 350 hivi. Doug Wheelock na Tracy Caldwell Dyson walitoka nje mara tatu kuibadilisha. Mara ya kwanza walikaa nje zaidi ya saa nane, na kiungo kimoja cha bomba kikagoma kuachia, amonia ikavuja. Niliposoma hapo nilijiona niko nao. Kiungo kilichogoma ninakijua. Tofauti ni kwamba mimi ningeenda kunywa chai kwanza.

"Kazi yao ni utafiti, matengenezo ni ya watu wengine"

Watu wengine wepi? Sehemu ya kwanza ya kituo ilirushwa Novemba 1998, na tangu Novemba 2, 2000 hakijawahi kukosa mtu ndani. Ni jengo la tani 420 hivi, mabomba yake yana umri, na hakuna fundi wa kupigiwa simu. Wapangaji, ambao kwa kawaida ni saba, ndio mafundi, ndio keateka, ndio wafagiaji.

Ratiba yao inapangwa na watu wa chini, imekatwakatwa vipande vya dakika, na kwenye skrini kuna mstari mwekundu unaotembea kuonyesha ni saa ngapi. Ukichelewa, unauona mstari ukikupita. Wanatumia saa za GMT, maana jua huchomoza na kuzama mara 16 hivi kwa siku na haliwezi kuaminiwa kama saa. Wakiamka saa kumi na mbili asubuhi yao, hapa ni saa tatu, foleni ya Jogoo Road imeanza kulegea.

Utafiti upo, tena mwingi. Lakini kati ya jaribio na jaribio kuna kubadilisha vichujio, kusafisha matundu ya hewa, kuhesabu stoo, kupakua shehena na kutengeneza choo. Jumamosi ni siku ya usafi: wanafyonza vumbi na kufuta kuta, kwa kuwa vumbi la huko halitui chini. Feni haziruhusiwi kulala kamwe. Zikizimika, hewa unayoitoa mapafuni inabaki imekuzunguka uso kama wingu, nawe unaivuta tena na tena hadi kichwa kiume. Kwa hiyo wale wanaodhani kule kuna kimya cha mbinguni wajue kuna mngurumo wa mashine mchana na usiku.

Saa mbili za kila siku huenda kwenye mazoezi. Bila hayo mifupa ya nyonga hupungua kwa zaidi ya asilimia moja kila mwezi. Kuna mashine ya kukimbilia, na ili usipaae unafungwa mikanda inayokuvuta chini.

Na kuna kazi moja iliyotugusa sisi moja kwa moja. Mei 11, 2018 setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa kutoka kituo hichohicho. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Setilaiti kama hizo hufika kwa shehena, wanaanga huzitia kwenye chumba kidogo chenye milango miwili katika maabara ya Wajapani, mkono wa roboti unazitoa nje, na springi inazisukuma. Maabara yenyewe inaitwa Kibo. Niliposikia jina hilo nilidhani Wajapani wamekiheshimu kilele cha Kilimanjaro cha majirani zetu Watanzania, kumbe kwao kibo ni tumaini.

"Wanakunywa mkojo"

Hili ndilo la kweli. Lakini sikiliza njia yake. Mkojo unatiwa kemikali, unaingia kwenye pipa linalozunguka, kwa sababu bila kuzungushwa majimaji hayatulii upande mmoja, na humo unachemshwa kwa shinikizo dogo ili mvuke upande. Mvuke huo ukipoa unachanganywa na maji yaliyonaswa hewani, yaani jasho na pumzi za watu wote saba. Kisha ni vichujio, joto, na mwishoni iodini kidogo ya kuua vijidudu. Mwaka 2023 walifikisha asilimia 98: katika kila lita 100 za maji, 98 hurudi kikombeni. Sasa unaelewa kwa nini pampu ile ilipewa nafasi kuliko nguo za Sunita. Ikifa, mkojo unarundikana kwenye mifuko na matangi, na nafasi ya kuuweka ni ndogo. Kwa maji niliyoyaona kwenye baadhi ya matangi ya paa hapa mtaani, ningechagua ya kule.

"Vifaa vyao ni vya hali ya juu mno, ujanja wa jua kali hauna nafasi"

Hapa ndipo ningependa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, hapa Nairobi, wakae karibu.

Agosti 2012, Sunita Williams huyuhuyu na Akihiko Hoshide wa Japani walikuwa nje wakifunga sanduku la kugawa umeme. Bolti ikakwama, tundu lake lina chembechembe za chuma. Walirudi ndani bila kuimaliza. Siku chache baadaye, Septemba 5, walitoka tena na vifaa vilivyotengenezwa kituoni kwa vitu vilivyokuwepo: brashi ya nyuzi za waya uliotolewa kwenye kebo, na mswaki wa meno uliofungwa kwenye kishikio. Walisugua tundu, wakapaka mafuta, bolti ikaingia.

Oktoba 2007 paneli ya sola ilichanika ilipokuwa inakunjuliwa. Scott Parazynski alining'inizwa kwenye ncha ya mkono mrefu wa roboti, akaishona kwa vifungo vilivyotengenezwa ndani ya kituo kwa waya na vipande vya bati la alumini. Paneli ilikuwa na umeme, kwa hiyo vyuma vya suti na zana zake vilizungushiwa tepu. Fundi umeme yeyote wa mtaani anajua hofu hiyo.

Na mwaka 2020, hewa ilipokuwa inavuja kidogokidogo kutoka sehemu ya Warusi na mitambo ikishindwa kuonyesha tundu liko wapi, walifungua pakiti ya chai, wakayaachilia majani yaelee, wakayapiga video. Majani yakaenda yenyewe hadi kwenye ufa. Ukabandikwa tepu. Nchi inayolima chai kama yetu ingepaswa kuwa na wimbo kuhusu siku hiyo.

Spana iliyochapishwa na printa ya 3D mwaka 2014, mchoro wake ukitumwa kutoka chini kama faili ya kawaida, nayo ipo. Ila mimi bado nausifu mswaki.

"Kila siku wako nje na ile suti nyeupe"

La. Picha ndizo zinazodanganya. Kutoka nje ni kazi ya siku chache kwa mwaka. Huchukua saa sita, saba au nane, na kabla yake ni maandalizi ya muda mrefu: kukagua suti, kupanga zana, kuvuta oksijeni tupu ili naitrojeni itoke mwilini. Ni hatari pia kwa njia ambazo hazimjii mtu akilini. Julai 2013 kofia ya Mwitaliano Luca Parmitano ilianza kujaa maji akiwa nje, yakamfunika macho na pua. Alirudi kwa kupapasa kamba yake. Chanzo kilikuwa matundu yaliyoziba kwenye kifaa cha kutenganisha maji, ndani ya suti.

"Takataka wanatupa nje, ndiyo zile zinazotuangukia"

Baada ya Desemba 30, 2024, duara la chuma la kilo 500 hivi lilipoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, nilisikia hii kila nilipoenda. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni pete inayotengana na roketi ya kurushia. Kituo hakihusiki.

Takataka za kituoni, pamoja na nguo chafu (mashine ya kufulia hakuna, nguo huvaliwa hadi ikachoka), hupakiwa kwenye vyombo vya mizigo visivyo na mtu, ambavyo huungua vinaporudi kwenye angahewa. Lakini wanaosema hivyo hawajakosea kabisa. Machi 2021 fremu yenye betri chakavu iliachiliwa kutoka kituoni ijiteketee, na Machi 2024 kipande chake cha gramu 700 hivi kikatoboa paa la nyumba mjini Naples, Florida.

"Sunita na mwenzake walikwama, miezi tisa bila kazi"

Walikwenda kwa siku nane hivi, wakarudi Machi 18, 2025. Chombo chao kilikuwa na hitilafu kikarudishwa kitupu. Bila kazi? Pampu ilifungwa walipofika. Wakaingizwa kwenye ratiba kama wenzao, na Januari 30, 2025 wote wawili walitoka nje pamoja kung'oa kifaa cha redio kilichoharibika.

"Huwezi kukiona bila darubini"

Unaweza, kwa macho matupu, kutoka paa lolote la Nairobi. Kitafute muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza, anga ikiwa wazi: sisi tuko gizani lakini paneli zake bado zinapigwa na jua. Ni nukta nyeupe inayong'aa kuliko nyota, inakata anga kwa dakika chache bila sauti, na haikonyezi. Ikikonyeza taa nyekundu, hiyo ni ndege ya uwanja wa JKIA.